Mume Haulizwi Atokako

Alhamisi ile Keneilwe alifika kwa mshauri wa ndoa nusu saa kabla ya mumewe, na katika nusu saa hiyo akabadilisha kiti mara mbili. Cha dirishani kilikuwa na jua. Cha mlangoni kilimfanya asikie kila kiatu kilichopanda ngazi. Cha tatu hakikuwa na kosa lolote, ila aliyekikalia hakuwa na utulivu. Kesho yake mumewe, Oarabile, alitakiwa kutoa jibu ofisini, kama anakubali uhamisho wa kwenda Ghanzi, wilaya ya mifugo jangwani, au hakubali. Kwa mchanja ng'ombe kama yeye, Ghanzi si mbali. Kwa ndoa inayochechemea ni mbali sana, na uhamisho huo aliuomba Oarabile mwenyewe kwa barua, kimyakimya. Keneilwe aliikuta nakala mfukoni mwa suruali akitaka kuifua.

"Umeisoma?" Oarabile alimuuliza siku ile.

"Nimeisoma."

"Na huna la kusema?"

"Ni kazi yako, RraTumo," alijibu, akimwita kwa jina la mtoto wao.

Huo ndio ulikuwa ugomvi wao mkubwa kuliko yote kwa miaka sita. Ndoa inaweza kufa bila hata sahani moja kuvunjika.

Huyo mshauri, Mma Rebaone, Keneilwe hakumpenda. Alitarajia mtu mzima wa kuamua kesi, amwambie huyu acha hili na yule acha lile. Badala yake, mara tatu sasa, mama huyu alikuwa akiwauliza tu kifuani wanasikia nini, utadhani wamekuja kupimwa mapafu. Mara ya pili aliwachorea duara. Mume akichelewa kurudi, mke hunyamaza. Mke akinyamaza, mume huchelewa zaidi. "Adui yenu ni hili duara," alisema, "si mmoja wenu." Keneilwe aliona hayo ni maneno matamu ya kumponya mwenye kosa.

Oarabile akaingia, funguo za gari mkononi, akakaa huku anazizungusha kidoleni.

"Leo geuzeni viti, mtazamane," alisema Mma Rebaone. "MmaTumo, baba Tumo akichelewa, wewe huwa unafanya nini?"

"Naosha masufuria."

"Machafu?"

"Safi."

Funguo zikaacha kuzunguka.

"Yakiisha?"

"Nafungua friji, naifunga. Naenda kumtazama mtoto, narudi. Nasikiliza geti."

"Mwambie yeye, usiniambie mimi. Na umwambie, ukisikiliza hilo geti unaogopa nini."

Keneilwe alitazama viatu vya mumewe, maana macho yalikataa kupanda juu. "Naogopa siku moja halitalia," alisema. "Naogopa uko mahali unapopendwa kuliko kwangu. Siwezi hata kukaa."

"Sasa mbona huulizi?" Sauti ya Oarabile ilikuwa ndogo. "Miaka sita, MmaTumo. Hata siku moja hujaniuliza natoka wapi."

"Si nilifundwa."

Alifundwa kweli. Asubuhi ya harusi wanawake walioolewa walimketisha sakafuni, mabegani wamejitanda shali zao nzito, mlango ukafungwa, na shangazi yake Gaelebale akamtamkia: mume haulizwi atokako. Kila bibi harusi wa kwao huambiwa hivyo. Wengi huitikia kwa adabu, kisha wakifika kwa waume zao huuliza mpaka majirani wakajua jibu. Keneilwe, maskini, aliyashika yote kama yalivyo.

"Basi muulize sasa," alisema Mma Rebaone.

"Hapa?"

"Hapa."

Miguu ilitaka kumpeleka mlangoni. Akaikanyagia chini. "RraTumo, huwa unatoka wapi?"

"Pale kona, nyuma ya duka la mikate. Nakaa ndani ya gari. Natoka kazini saa kumi na moja, nafika pale, nazima injini. Nasema leo atapiga simu. Nilianza na nusu saa, hukupiga. Nikafanya saa nzima, kisha masaa mawili, kimya. Nikasema nikiomba Ghanzi, hapo lazima atasema kitu."

Tuseme ukweli, Keneilwe hakulia. Alikasirika mpaka masikio yakamuwaka. Miaka sita amelimeza swali moja kama dawa chungu, kwa heshima ya huyu mtu, kumbe mtu mwenyewe yuko hatua mia mbili kutoka jikoni kwake anangoja simu. Kisha akamtazama usoni. Ulikuwa uso wa mtoto ambaye wenzake wote wamekuja kuchukuliwa shuleni, kabaki yeye. Hasira ikakosa pa kukaa.

"Usiende Ghanzi," alisema.

"Sema tena."

"Usiende. Nakutaka nyumbani, mjinga wewe."

Mma Rebaone akainamia karatasi zake ghafla. Lakini Oarabile hakusema kwamba atabaki. Alisema tu kwamba kesho ataenda ofisini.

Kesho yake alasiri akaja Shangazi Gaelebale kutoka Kanye, na mfuko wa unga wa mtama na maneno yake. "Nasikia mambo yenu ya ndani mnampelekea mgeni. Sisi tulikufunda bure?" Keneilwe alimwaga chai mara mbili akimweleza habari ya kona na gari. "Mwanamume mzima," alisema shangazi, "anakaa kama kuku anayeatamia."

Saa kumi na moja na nusu geti likalia. Oarabile akaingia, akamwamkia shangazi, kisha akasimama akimtazama mkewe. Keneilwe akajua anangojwa. Kuuliza mbele ya shangazi ilikuwa sawa na kumtemea mate mwanamke aliyemketisha sakafuni siku ile.

"Umetoka wapi, RraTumo?"

Kikombe cha shangazi kilikwama njiani.

"Ofisini. Nimewaambia siendi."

Keneilwe akamvutia mumewe kiti. Kisha akamgeukia shangazi, tayari kutukanwa.

Shangazi alikuwa akimkodolea macho Oarabile. "Kumbe mtu akiulizwa anajibu tu," alisema.

"Ndiyo, mma."

"Wangu alikuwa anaondoka kila Alhamisi. Miaka thelathini na saba. Nikampikia, nikamfunikia chakula, sikumuuliza. Tumemzika, na hadi leo sijui." Akakiweka kikombe chini kwa mikono miwili. "Labda na yeye alikuwa amekaa mahali tu, ananingoja nimuulize."