Mizizi Iliyokatwa Mwaka Juzi

"Tuung'oe mti huu leo hii hii, mimi na wewe," Kunihiro alimwambia mkewe. "Tuupande nyuma ya nyumba. Wakuu wa mji wakiuliza, nitawajibu mimi."

Hatsue hakuacha kufuta. Kila asubuhi aliyapangusa masizi ya tanuri kwenye majani ya mti ule, yale ambayo mkono wake uliyafikia, maana mti wenyewe haukuzaliwa katika moshi wetu. Ulitoka Marekani, zawadi ya mji dada uliofunga udugu na wetu, mji wa chuma kama huu, na bustani ile ndogo ya bandarini ilitengwa kwa ajili yake. Ujira wa kuitunza ulikuwa mdogo, lakini Hatsue aliuringia mti huo kama mama anayeringia mkwe aliyetoka mbali. Sasa kiwanja kilikuwa kimeuzwa pamoja na kiwanda cha chuma. Tanuri la mwisho lingezimwa Ijumaa, na mti ulikuwa ukingoja msumeno.

"Baba Chika, mti mkubwa haung'olewi kama figili," alisema. "Unakata mizizi upande mmoja, unafukia, unangoja mwaka mzima iote mipya. Kisha upande wa pili, unangoja tena. Ukikurupuka, unakufia njiani."

"Basi tumechelewa." Kunihiro alivua kofia yake ya kazi. "Kila kitu tumechelewa."

Hatsue angeweza kunyamaza, kama alivyonyamaza siku zote hizo. Lakini kimya kingi kina mshindo mkuu, na wake ulitoka kwa sauti ndogo.

"Hatujachelewa. Nimeshaikata. Pande zote mbili."

Kunihiro aliutazama udongo laini uliozunguka shina. Alikuwa mtu wa tanuri, si wa miti, lakini hesabu ile haikumshinda.

"Mwaka juzi," alisema. "Mwaka juzi nilikuwa nimesimama getini na wenzangu, kitambaa cha chama cha wafanyakazi kichwani, tunaapa tanuri halizimwi. Kila jioni nikirudi nakwambia, halizimwi. Ulikuwa unanijibu nini?"

"Nilikuwa nakujibu ndiyo."

"Ndiyo! Na sepetu mkononi!"

"Unamkumbuka yule mama mgeni kutoka mji dada, aliyecheka alipopewa pweza? Alipitisha kidole kwenye jani, akayaona masizi, akalia. Mkalimani akaniambia, anasema kwao siku hizi majani ni safi. Nikajua yao yamezimwa, na letu litafuata, Baba Chika. Ningekwambia vipi? Wengine wote walishakuambia hapana; nilitaka mmoja akuambie ndiyo."

"Umetuwekea matanga tungali hai," Kunihiro alisema, akaondoka.

Ijumaa tanuri likazimwa. Usiku anga la bandari, lililokuwa jekundu tangu Hatsue aolewe, likawa jeusi kama la vijijini. Nyumbani Kunihiro alikula, akainuka, akaosha bakuli lake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waoane. Bakuli lile lilimuuma Hatsue kuliko tusi.

Siku ya kuuhamisha mti, Odagiri, msimamizi wa bustani za mji, alifika na lori na vibarua wachache. Shule ya mlimani, aliyoiomba Hatsue, ilikuwa imekubali kuupokea. Walichimba kuzunguka shina, wakafunga bonge la udongo lililoshika mizizi kwa kamba za majani ya mpunga. Winchi ilipouinua, mti ukayumba upande wa Hatsue, na kamba ya kuuongoza aliyoishika ikaanza kumponyoka.

Mkono wenye makovu ya moto ukaishika nyuma ya wake.

"Vuta, Mama Chika."

"Umekuja kufanya nini?"

"Usiongee. Vuta!"

Akavuta. Kunihiro alikuwa amejifunga kile kitambaa cha chama kichwani, kimefubaa, na jasho lilikuwa limekilowesha. Mti ulipotua juu ya lori, aliinama, akagusa vijizizi vyeupe vilivyochungulia kati ya kamba, vyembamba kama nywele za mtoto mchanga.

"Hivi ndivyo vya mwaka juzi?"

"Ndivyo."

Hatsue alitaka kumwomba radhi, asijue aanzie wapi. Mkono wake, kwa mazoea, ukatoa kitambaa cha kufutia kwenye aproni, ukafuta jani lililokuwa karibu.

Akakitazama kitambaa. Kisha akampa mumewe.

Kunihiro alikigeuza huku na huku. Kilikuwa cheupe. Akafuta jani la pili, halafu la tatu, akikandamiza, akitafuta masizi.