Taa Iliyozibwa Pumzi

Dereva Protus Wanyonyi alilitunza gari la bosi wake, Abu Talal, kuliko alivyojitunza mwenyewe, na usafi huo ndio uliomponza. Walipokuwa Riyadh vumbi lilimkera hata likamkosesha raha. Siku moja akachukua silikoni, akaviziba vitundu vyote vya nyuma ya taa za mbele. Vumbi likakoma, naye akajisifu wiki nzima.

Kisha familia ya Abu Talal ikahamia Jeddah, mji ambao hewa yake ni kama unaweza kuikamua. Haukupita mwezi, taa ya kulia ikajaa ukungu na matone kwa ndani, mwanga wake ukafifia kama wa koroboi. Abu Talal aliiona asubuhi ya siku ya fahas, ukaguzi wa magari, akasema bila kupandisha sauti, "Leo baada ya alasiri tunaenda fahas. Gari ikianguka, wewe unarudi maktab. Halas."

Maktab ni ofisi ya wakala iliyomleta. Kurudishwa huko kabla ya miezi mitatu ya majaribio kuisha ni kupandishwa ndege ya Nairobi, na Protus alikuwa amebakiza siku nne tu.

Alikimbilia kwa fundi mmoja mtaa wa Al-Mahjar. Fundi akatikisa kichwa: taa mpya, na itafika wiki ijayo. Protus akarudi nyumbani, akainua boneti, akaitazama ile silikoni yake. Hapo ndipo alipoelewa. Unyevu ulikuwa ukipenya kidogo kidogo, usiku ukipoa unageuka maji, na njia ya kutokea ameiziba yeye kwa mikono yake. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Akamfuata Velma, mfanyakazi wa ndani, jikoni.

"Dada, niazimie draya ya nywele ya madam."

"Na hiyo kipara yako? Unataka kukausha nini?"

"Taa ya gari."

Velma alimkagua kwanza kama ana homa. "Madam amelala. Uko na saa moja. Ukiichoma, tunarudi maktab sisi wawili."

Protus akaibandua silikoni yote, akaitoa balbu kwa kitambaa, akapuliza hewa ya vuguvugu kupitia nyuma, polepole, plastiki isije ikajikunja. Nusu saa nzima hakuna kilichobadilika. Shingo ilimuuma, jasho likamwingia machoni, na akaendelea. Halafu ukungu ukaanza kufutika kutoka pembeni, matone yakapungua moja moja, na taa ikatakata. Protus akacheza peke yake kando ya gari, dereva mzima na draya mkononi, wala hakujali nani anamwona.

Gari likapita fahas. Njiani wakirudi, Abu Talal akauliza, "Nani ametengeneza taa?"

"Mimi, baba."

"Na nani aliharibu?"

Angeweza kuisingizia hewa ya bahari ya Jeddah. "Pia mimi."

 Abu Talal akacheka, na Protus hakuwahi kumsikia akicheka kabla ya hapo. Bado anacheka, akapiga simu maktab.

"Huyu Protus, mfuteni kwenye orodha yenu," akasema. "Huyu harudi kwenu."