Mwashi Kwenye Kioo

Eufrasia alimwaga maji juu ya kioo cha picha taratibu, akianzia kona ya kushoto kama Don Casimiro mpiga picha alivyomfundisha. Ndani ya hema jeusi, lango la kanisa kuu la Villaserna likaanza kujitokeza: nguzo, mitume kumi na wawili, na juu ya jukwaa la waashi, mumewe Lupercio, aliyekufa wiki mbili kabla ya Pasaka.

"Nani tena huyu?" Casimiro aliuliza.

"Mume wangu."

"Katulia vizuri. Kamera imekaa wazi dakika sita, wapita njia wote wamegeuka moshi, yeye hata hakujikuna."

Lupercio alikuwa ameketi na kamba mkononi, ile ya waashi kujifungia wasianguke. Ilipokatikia palionekana uzi kwa uzi. Palikuwa pameoza.

Wakamwita Padri Quirós, msimamizi wa ukarabati. Ndiye aliyetangaza kwamba mwashi amejitupa mwenyewe kutoka jukwaani, akaamuru azikwe nje ya ukuta wa makaburi, kwenye miiba, bila sala. Alikiinua kioo kwenye mwanga.

"Ndiye," alisema. "Na kamba ni yetu."

"Basi aletwe ndani, Baba. Alale na wenzake."

"Jumba la makumbusho limeagiza picha za mawe, mama. Waashi halikuagiza."

Wakapiga picha kwenye kioo cha pili. Alikuwepo. Hadi cha tano alikuwepo, na kamba yake.

"King'ang'anizi huyu," Casimiro alisema. "Hata nyumbani alikuwa hivi?"

"Nyumbani supu alikunywa amesimama."

Padri akamvuta Eufrasia pembeni. "Mwambie ashuke. Akishuka, habari ya kaburi nitaitazama."

Eufrasia alisimama chini ya jukwaa lililokuwa tupu, akapaza sauti. "Lupercio! Shuka, baba. Wamekubali."

Mbao zililia moja baada ya nyingine mpaka chini, zikanyamaza.

Vioo vilikuwa vimekwisha. Casimiro akamwagiza Eufrasia avisugue vile vitano kwa chokaa ili vitumike upya, naye akavisugua vikawa vyeupe kabisa. Picha iliyofuata ilitoka safi, mawe matupu. Padri aliitazama kwa muda mrefu, akaridhika.

"Na kaburi, Baba?"

"La nani? La aliyejiua? Nionyeshe kinachosema vingine."

Eufrasia aliitazama mikono yake. Chokaa ilikuwa bado kwenye kucha.

Siku ya mwisho walipiga picha ya kanisa zima kutoka kilimani. Akamwaga maji, kuanzia kona ya kushoto. Minara ikatokea, kisha paa, kisha ukuta wa makaburi. Nje ya ukuta, katikati ya miiba, alikuwa ameketi Lupercio, mikono magotini, bila kamba.

"Nimkwangue?" Casimiro aliuliza, kisu tayari.

Padri aliinama kutazama.

"Mwache," alisema. "Hapo hasumbui."

Eufrasia akakausha kioo, akakizungushia pamba, akakilaza sandukuni pamoja na vingine vya kwenda makumbusho.