Kilele Kilichomezwa

Evelina alipofungua kichupa alicholetewa na Daktari Rahma, harufu ya gongo ilimpanda puani. Wanaume waliokunywa gongo hiyo msibani Vuga walikuwa wamelazwa hospitalini Lushoto, macho yakiwaonyesha ukungu mtupu. Mmoja wao alikuwa Paskali, mume wa dada yake Marta; mwingine alikuwa jirani yao Sefania. Kuipeleka gongo hiyo Dar es Salaam ikapimwe ingekuwa kuchelewa. Maabara ya Evelina, iliyozoea kupima mafuta ya mkafuri, ndiyo iliyokuwa na mashine karibu.

Alivuta gongo kwa sindano akaiingiza mashineni taratibu. Ndani mlikuwa na mrija mwembamba kama unywele. Gesi husukuma mvuke humo kwa kasi, kila kemikali ikitokea upande wa pili kwa zamu yake na kuchora kilele chake kiooni. Punde kioo kikaonyesha kilele kimoja kipana.

Akampigia daktari. "Ni pombe ya kawaida. Sumu ya methanoli siioni."

"Basi ngoja nitafute ugonjwa mwingine," Rahma akajibu.

Evelina akakitazama tena kile kilele. Mbona kinene hivi? Akang'amua kosa lake. Alikuwa ameushindilia mrija: sampuli nyingi, tena imeingia polepole, kama watu wanaosukumana mlangoni hata usijue nani katangulia. Methanoli, kama ilikuwapo, imemezwa humo.

Akaizimua gongo kwa maji, akafungua vali ili sehemu kubwa ya mvuke itupwe nje, uingie kiduchu tu. Safari hii akasukuma sindano kwa pigo moja. Vikachomoza vilele viwili vyembamba, vimeachana. Cha kwanza kilikuwa methanoli.

"Daktari, nimekosea! Ni sumu! Waanzishie dawa sasa hivi!"

"Sefania ameshapoteza fahamu," Rahma akasema, akakata simu.

Jioni Evelina alimkuta Marta nje ya wodi, kanga imelowa machozi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu," Marta akasema, akimshika mkono. "Sefania ametutoka. Lakini shemeji yako yu hai. Wamesema wewe ndiye uliyeigundua sumu. Mungu akubariki."

Evelina alitamani kunyamaza. Hakuweza.

"Dada, mara ya kwanza niliwaambia hakuna kitu. Wakachelewa kwa sababu yangu."

Marta akauachia mkono wake polepole. Kupitia mlango ulio wazi, Paskali aliyekuwa amewaelekea kabisa, macho wazi, akauliza, "Nani huyo anayeongea?"