Tundu Namba Kumi na Saba

Mahakama ilimsamehe Norbert Wieczorek siku ya Jumatatu, kwa barua ya kurasa mbili yenye muhuri mmoja wa buluu. Miaka mitatu ya kufilisika imekwisha, barua ilisema, madeni yaliyobaki yamefutwa, wasalaam. Norbert aliisoma akiwa amesimama jikoni, akaikunja, akaiweka chini ya mkebe wa kahawa, mahali ambapo mtu huweka kitu anachotaka mkewe akione bila yeye kulazimika kukisema.

Gudrun aliiona, akafurahi kwa niaba ya wote wawili.

"Haya, baba. Sasa tunaweza kuweka akiba kama watu," alisema. "Mashine ya kufulia imekufa tangu Februari, na nimechoka kubeba mashuka kwenda kwa dada yangu. Kafungue akaunti."

Norbert alikwenda benki akiwa amefunga tai, amejiandaa kwa maswali magumu. Binti wa dirishani alimfungulia akaunti ya akiba kwa dakika kumi na moja, akampa kalamu ya bure na kumtakia siku njema. Hakuuliza chochote. Norbert alitoka mle akijiona kama mwizi aliyefunguliwa mlango na mwenye nyumba na kuonyeshwa vilipo vijiko vya fedha. Hakuweka hata senti moja.

Lakini katika mtaa ule wa wachimba makaa wa zamani, benki ilikuwa mahali pa kupokelea mshahara tu. Akiba ya kweli ilikuwa ukutani mwa baa ya Hannelore Sobotta, kati ya picha ya timu ya mpira na mlango wa choo: kabati la chuma la kijani lenye matundu arobaini, kila tundu na namba yake, kila namba na mwenyewe. Kila Ijumaa jioni mwanachama hutumbukiza alichojaliwa. Ijumaa ya mwisho ya mwezi kabati hufunguliwa kwa funguo mbili, fedha huhesabiwa mezani, na Hannelore, ambaye pia ni mweka hazina, husoma hesabu ya kila namba kwa sauti ya hakimu. Tundu likikutwa tupu, faini ni euro mbili. Desemba kila mtu huchukua chake, na faini hununua bata bukini wa karamu. Chama kina kanuni kumi na nne. Hakuna aliye hai aliyewahi kuzisoma zote, na huheshimiwa kuliko zile za barabarani.

Ijumaa ya kwanza ya Aprili, Norbert alisukuma mlango wa baa ile baada ya miaka mitatu.

"Alaa," alisema Hannelore. "Marehemu amekuja. Bia?"

"Soda tu."

"Marehemu na bado anaumwa." Akamwekea glasi. "Sema."

"Nilikuwa naulizia tundu. Kama liko."

"Kumi na saba ni lako. Hatujampa mtu."

"Kwa nini?"

"Kukufuta ingehitaji kura. Kura inahitaji ajenda, ajenda anaandika katibu, na katibu tulimzika. Tumbukiza, bwana, usinisimamie hapo kama mkaguzi wa gesi."

Kwenye kona ya kaunta alikaa Alfons Pawlak. Alikuwa mzee wa miaka sitini na tisa, mwenye mikono mikubwa na masikio makubwa zaidi. Kwa miaka ishirini ndiye aliyekuwa akimuuzia Norbert vigae, enzi Norbert alipokuwa na kampuni yake ya kuezeka mapaa. Kampuni ilipoanguka, Norbert alikuwa anadaiwa na Pawlak euro elfu kumi na moja na mia nne. Mfilisi aliyewekwa na mahakama aligawa kilichopatikana kwa haki na kwa desimali, na Pawlak akapata mia mbili na kumi na mbili. Aliuza lori lake, akafunga yadi. Sasa alimtazama Norbert, kisha akaitazama bia yake, na ilionekana wazi kwamba bia ilikuwa na mengi zaidi ya kumwambia.

Norbert alisimama mbele ya kabati na noti ya euro ishirini aliyopewa na Gudrun. Kumi na saba lilikuwa safu ya chini. Tisa, la Pawlak, lilikuwa usawa wa kifua. Ikumbukwe kwamba mgongo wa fundi wa mapaa ni mpana na huficha mengi. Mkono ulipanda badala ya kushuka, na noti ikaingia tisa.

Usiku ule alilala vizuri, jambo lililomtia wasiwasi.

Akarudia Ijumaa iliyofuata, na iliyofuata, na ya nne. Kabati lilipofunguliwa, Hannelore alivaa miwani na kusoma.

"Tisa: mia moja."

"Mia?" aliuliza Pawlak. "Mimi huweka tano tano."

"Mia, Alfons. Ukilewa unajipenda zaidi." Akaendelea kushuka na orodha. "Kumi na saba: sifuri. Faini."

"Mwacheni," ilisema sauti kutoka meza ya karata. "Yule akiona patupu anajisikia nyumbani."

Baa nzima ikacheka. Norbert alilipa euro mbili, na ukweli lazima usemwe hata kama haupendezi: aliona raha. Kila kejeli ilimkaa sawasawa, kama koti lililoshonwa kwa vipimo vyake. Kumbe adhabu ambayo mahakama ilisahau kumpa ilikuwa inapatikana hapa, kwa bei nafuu, pamoja na karanga.

"Tumefika ngapi?" Gudrun alimuuliza nyumbani, akiwa anatoa mashuka yenye unyevu kwenye mfuko.

"Themanini."

Hilo halikuwa uongo kwa namna ambayo mwanasheria angeweza kuitetea. Norbert alikwenda kumsaidia kuanika, na hakuthubutu kumtazama vidole, ambavyo mfuko ulikuwa umevichora mistari myekundu.

Mei akaweka nyingine themanini, tundu lile lile.

Ijumaa ya mwisho ya Mei, Gudrun alikuja naye. Hakualikwa, alivaa koti tu, akasema anataka kusikia namba yao ikisomwa. Kwenye mkoba alikuwa na karatasi ya tangazo la mashine, na bei aliizungushia kalamu. Njia nzima Norbert alitafuta sentensi ya kuanzia. Alipata tatu, zote mbaya, na mlango wa baa ukafika kabla ya ya nne.

"Tisa," alisoma Hannelore. "Mia moja tena."

Pawlak akautazama mgongo mpana wa Norbert.

Namba zikashuka. Norbert aliziona zikija kama mtu aliyeteleza juu ya paa anavyouona mfereji wa maji.

"Kumi na saba: sifuri. Faini. Mara ya pili, Norbert. Ya tatu unainunulia baa nzima vinywaji, kanuni ya sita."

Hakuna aliyecheka, kwa sababu waliona uso wa Gudrun.

"Sifuri ya nini?" Gudrun aliuliza kwa sauti ya chini. "Nimekupa mia na sitini, Norbert. Za kusafisha ofisi za watu. Umezipeleka wapi?"

Hapo Pawlak aliteremka kwenye kiti chake. Alikuja mezani, akachukua mgawo wa tisa, akatoa noti nne za ishirini, akazipanga mbele ya Gudrun moja moja.

"Hizi si zangu, mama," alisema. "Za Aprili nilimwomba Hannelore anipe mapema, ziko nyumbani, nyuma ya sahani ya ukutani. Sikuzigusa. Nilidhani nimeanza kusahau mambo, nikaenda hadi kwa daktari. Akaniambia niache chumvi." Akamgeukia Norbert. "Themanini kwa mwezi. Nimepiga hesabu. Utamaliza nikiwa na miaka themanini na moja. Utanitumbukizia kaburini?"

"Nilitaka tu kurudisha," alisema Norbert.

"Kwa mlango wa nyuma. Na kwa hela za mkeo." Pawlak akavuta kiti, akakaa mbele yake. "Mimi nina swali moja, miaka mitatu nalitembeza. Jumanne ile tulikaa hapa, ukaninunulia bia. Asubuhi yake nikakuletea shehena ya mwisho ya vigae. Jumatatu barua ya mfilisi ikanifika. Jumanne ile, wakati tunagonganisha glasi, ulikuwa unajua?"

Hakimu hakuwahi kumuuliza hilo. Wala mfilisi, wala binti wa benki. Norbert alitazama meza, noti nne, mikono ya mkewe. Angeweza kusema alikuwa na matumaini. Ni kweli alikuwa nayo, kiasi cha kijiko.

"Nilijua," alisema. "Makaratasi ya kufilisika yalikuwa garini. Bia nilikununulia kwa sababu nilijua."

Hannelore alivua miwani. Kwenye meza ya karata mtu alianza kukohoa, akaghairi.

"Basi," alisema Pawlak. "Nilikuwa nikijiambia huenda hukujua. Nikawa najiona mpumbavu kila nikikutetea." Akasimama, akashika ukingo wa meza. "Sikusamehe. Sijui kama nitakusamehe. Lakini sitaki hela zako kwenye tundu langu. Ijumaa ijayo utaweka kwenye lako, lenye jina lako, na mimi nitasimama hapo nikuone."

Gudrun alizikusanya zile noti nne. Hakumtazama mumewe. "Kata faini kwenye hizi, Hannelore," alisema, "na andika kwamba nimelipa mimi." Wakarudi nyumbani kwa miguu, yeye akiwa hatua mbili mbele, na nafasi hiyo Norbert hakuomba ipunguzwe.

Ijumaa iliyofuata Norbert alitoka bohari ya vifurushi, alikokuwa ameajiriwa, akapitiliza moja kwa moja hadi baa. Noti ilikuwa ya mshahara wake mwenyewe. Kuinama hadi safu ya chini kulimchukua muda. Kumi na saba lilikuwa chini kuliko alivyokumbuka, na kuweka kitu kilicho chake mbele ya macho yale kulimuumiza kuliko kejeli zote za Aprili. Pawlak alisimama kando ya kabati kama alivyosema, bila salamu, akautazama mkono mpaka noti ikapotea yote. Kisha akarudi kwenye kiti chake, na Norbert akabaki ameinama pale kidogo, akisubiri masikio yake yaliyowaka kwa aibu yapoe.