Mlango wa Neti

Hapa maabara tunafuga viwavi wa mahindi makusudi, tujue mbegu gani itawahimili bila kupigwa dawa. Wakikomaa huwa vipepeo, na kila kipepeo hutaga mamia ya mayai.

Leo asubuhi nimekuta mlango wa neti wazi, vizimba vitupu.

"Nani kafungua?" nilifoka.

"Mimi," akajibu shangazi anayetufagilia maabara. "Walikuwa wanajigonga kwenye neti, maskini. Nikawaonea huruma."

Huruma! Nilitaka kumtolea uvivu, lakini nikatazama nje kwanza. Ng'ambo ya uzio ni mahindi matupu, mpaka macho yanapoishia.

Simu ikalia. Mama.

"Mwanangu, njoo uone! Shambani kwangu kumejaa vipepeo, wametulia kwenye majani ya mahindi utadhani wamealikwa."