Wakanyaga Mivukuto wa Hollerode

Saa tatu kasorobo asubuhi ya Jumanne, Irmtraud Kesselring alivua viatu, akavaa soksi juu ya soksi, akapanda ngazi ya mbao hadi chumba cha nyuma ya kinanda kikuu cha kanisa la Hollerode. Mota ya umeme inayokipulizia kinanda ilikuwa imezimwa. Siku hiyo santuri ilikuwa inarekodiwa, maikrofoni zilikuwa zikiusikia mngurumo wake, na kantata ya Pasaka, utungo wa kwaya na ala uliotungwa karibu miaka mia tatu iliyopita, haitaki mngurumo. Kwa hiyo upepo wa kinanda ungetoka miguuni, kama zamani. Mivukuto, ile mifuko mikubwa ya kusukumia upepo, ilikuwa minne, kila mmoja na gogo lake la kukanyagia, na mtu wa kuikanyaga alikuwa yeye peke yake.

Alikubali kwa sharti moja. Baba yake, Ewald, aliikanyaga mivukuto ile miaka thelathini na minane, na santuri ya kwanza iliporekodiwa pale, jina lake halikuwemo. Safari hii mkanyagaji aandikwe kwenye jalada. Bwana Dietze, fundi wa sauti kutoka mjini, aliweka mkono kifuani akasema hilo ni jambo dogo. Tangu hapo Irmtraud hakulala vizuri kwa furaha.

Kwaya ikaanza. Tarumbeta zikaingia, kinanda kikafunguliwa sauti zote, na kufikia ukurasa wa sita magoti ya Irmtraud yalikuwa hoi. Hapo baba yake akatoka ukutani, amevaa suti aliyozikwa nayo, akachukua gogo la pili. Akafuata Gottlob Zschach, aliyefariki mwaka 1794, kisha wakanyagaji wengine tisa wa zamani. Wasiokuwa na zamu walikaa kwenye benchi wakala keki aliyokuja nayo Irmtraud.

"Unakanyaga kama unaua mende," baba yake alimnong'oneza. "Taratibu, mwanangu. Acha mvukuto wenyewe ukushushe."

Upepo ukatulia. Huko mbele mpiga kinanda alianza kucheka peke yake huku vidole vikikimbia, na waimbaji wakapanda juu kuliko walivyopanda kwenye mazoezi. Irmtraud alikuwa akiisikia kila sauti nyayoni kabla haijafika masikioni. Ilikuwa raha tupu. Alitamani kupiga vigelegele, akajiuma mdomo kwa ajili ya maikrofoni.

Wakati wa mapumziko Bwana Dietze alipanda ngazi, akawatazama wale marehemu kumi na mmoja kuanzia vichwani hadi miguuni, akasema viatu vya mbao vinasikika. Walivivua, wakavipanga mlangoni.

Alhamisi wimbo wa mwisho wa kwaya ulirekodiwa mara moja tu, bila kosa. Watu walikumbatiana, mpiga tarumbeta alilia waziwazi, na Bwana Dietze akaja mbio kuandika majina yote kumi na mawili kwenye daftari lake. Alimwomba Gottlob arudie jina la ukoo, asije akalikosea.

Santuri ilifika Novemba. Saa tisa alasiri, wakati wa kahawa, marehemu walikuja wakajibana kwenye meza ya jikoni, na Irmtraud akawasomea jalada. Walikuwemo waimbaji, wapiga tarumbeta, mpiga kinanda, aliyekirekebisha kinanda, bucha iliyoleta soseji, na maikrofoni sita pamoja na chapa zake. Akaligeuza jalada. Akaligeuza tena.

"Na sisi?" Ewald aliuliza.

"Hatumo, baba."

Aliwaeleza kwamba alikwisha kupiga simu tangu asubuhi. Bwana Dietze alisikitika sana, lakini nafasi ilikuwa imejaa.

Gottlob aliwaza kidogo. "Na hizo maikrofoni zimeandikwa?"

"Zote sita."

"Za ukoo gani?"

Hakuna aliyejua. Irmtraud alilia kwa hasira, akajifuta kwa aproni, akaiweka santuri kwenye gramafoni, akakaa nao. Kwaya ilipovuta pumzi ya kwanza, miguu kumi na miwili, mmoja wa kila mkanyagaji, ilishuka pamoja chini ya meza, taratibu, na kinanda kikaingia.